Likizo ya miezi mitatu hifadhini: Mlima Kenya, Naivasha au Yellowstone?

Kila ifikapo Machi simu yangu huanza kulia. Leo ni mtoto wa shangazi, kesho mdogo wa rafiki, keshokutwa kijana tuliyekutana naye siku moja tu kwenye vilima vya Ngong. Hadithi ni ile ile: chuo kinafungwa Mei, kinafunguliwa Septemba, naye hataki kukaa Nairobi akiitazama baridi ya Julai kupitia dirishani. Anataka kazi ya kumpa hela kidogo, na anataka milima. Aende wapi?

Majina matatu ndiyo hurudi katika kila simu. La kwanza ni Mlima Kenya. La pili ni Naivasha, ambako mbuga za Hell's Gate na Longonot ziko jirani. La tatu ni Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo huenda kufanya kazi za msimu ndani ya mbuga kama Yellowstone. Mlimani nimefanya kazi mwenyewe msimu mmoja, upande wa Naro Moru. Naivasha nimeishi miezi miwili na nimerudi mara nyingi tangu hapo. Yellowstone sijafika, ila binamu yangu alikaa huko kiangazi kizima, na masharti ya kwenda yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Kabla ya kulinganisha

Watu wengi huanza na pesa. Naomba uanze na swali jingine: unataka kutembea kuwe ndiyo kazi yenyewe, kuwe jirani na kazi, au kuwe zawadi ya siku ya mapumziko? Hapo ndipo sehemu hizi tatu zinapoachana kabisa. Mlimani unalipwa kwa kutembea. Naivasha unafanya kazi zako, ukitoka mchana njia iko pale nje. Yellowstone unafanya kazi siku tano, halafu miguu inapewa siku mbili. Ukishajua moyo wako uko wapi kati ya hayo matatu, mengine yote ni hesabu.

Hesabu hizo nimezipanga hivi: kazi zilizopo na namna zinavyolipwa, hela za kuanzia, njia za kutembea, hatari, na kile utakachorudi nacho nyumbani. Bei za viingilio siziandiki kwa kuwa hubadilika. Kwa mbuga zetu utaziona kwenye eCitizen siku unayolipa.

Neno moja kuhusu kalenda. Kiangazi cha Wamarekani, Juni hadi Agosti, kwetu ni majira ya baridi, na wengi huchanganyikiwa hapo. Nairobi ya Julai ni koti na mawingu, lakini Mlima Kenya kuanzia Julai hadi Septemba uko katika moja ya misimu yake miwili ya ukavu. Mwingine ni Januari na Februari. Mei bado ni masika huko juu, matope hadi magotini. Naivasha unaweza kuanza mwezi wowote. Yellowstone theluji hung'ang'ania njia za juu mpaka Juni, wakati mwingine hata Julai, na hoteli nyingi hufunguliwa kuanzia Mei na kufungwa vuli inapoingia.

Kazi na malipo

Mlima Kenya. Kazi ni tatu: mpagazi, mpishi, mwongozaji. Mgeni kutoka Nairobi hawi mwongozaji, kwani kazi hiyo inataka miaka ya kuujua mlima, na inataka kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Wewe utaanza kwa kubeba mizigo au kumsaidia mpishi. Malipo ni kwa siku, safari moja huchukua siku nne au tano, na mwishoni wageni hutoa bakshishi ambayo kikundi hugawana. Kuna wiki utapanda mara mbili mfululizo, na kuna wiki utakaa mjini ukingoja zamu yako huku kodi ya chumba ikikuhesabia siku.

Hapa pana jambo ambalo vijana wengi wa jijini hawalifikirii, nami naliweka mbele kwa sababu linaniuma. Mizigo hii ndiyo riziki ya watu wa Naro Moru, Nanyuki na Chogoria. Baba wa watoto wanne amesubiri zamu wiki nzima. Ukija na begi lako jipya, ukapewa safari kwa kuwa unajuana na mwenye kampuni, umemruka mtu huyo mbele ya wenzake wote. Mimi nilipokelewa kwa sababu nilikwenda Agosti, wageni walipokuwa wengi kuliko mikono, na kwa sababu mzee mmoja mpishi alikubali niwe mwanafunzi wake. Nilimenya viazi majuma mawili kabla ya kukabidhiwa mzigo wowote.

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye kambi ya Mackinder's, mita 4,200 juu ya bahari, maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Nilivunja barafu kwa upawa, nikaanza kuosha sufuria ya uji, na kabla sijamaliza vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Pimbi wawili walikaa juu ya jiwe hatua mbili kutoka kwangu, manyoya yamewavimba kama mpira, wakingoja makombo. Mzee alinikabidhi kikombe cha chai. "Usinywe kwanza, mwanangu. Kishike. Mikono ipate moto, halafu tumbo." Nyuma yake ncha ya Batian ilikuwa imeshika jua, na sisi bado tuko kwenye giza la bonde. Hiyo ndiyo kazi ya mlimani, pamoja na ganzi yake yote.

Naivasha. Kazi ziko za aina nyingi zaidi lakini hazina mbwembwe. Kando ya barabara ya Moi South Lake kumejaa kambi, hoteli na mikahawa. Wanatafuta mikono ya jikoni, ya mapokezi, ya kusafisha mahema, ya kutunza baiskeli za kukodisha. Malipo ni ya mwezi au ya kibarua cha siku. Ijumaa hadi Jumapili Nairobi yote inahamia huko na hupati nafasi ya kukaa chini. Jumanne unaweza kuhesabu wageni kwa vidole. Mwajiri mzuri atakupa siku zako za mapumziko katikati ya wiki, na hiyo ni heri kwako, kwa kuwa njia zitakuwa tupu. Kuongoza watu ndani ya korongo la Ol Njorowa, lililo Hell's Gate, waachie vijana wa hapo, wengi wao Wamaasai waliokulia pembeni mwa miamba hiyo.

Anayesomea utalii, mazingira au wanyamapori ana mlango mwingine, ambao ni kuomba nafasi ya mafunzo kazini kwa KWS au kwenye hoteli, akiwa na barua ya chuo. Usiutegemee mlango huo kwa mshahara. Faida yake ni ujuzi, na alama za chuo ambazo ungezitafuta hata hivyo.

Yellowstone. Wanafunzi huenda kwa viza ya J-1, chini ya mpango uitwao Summer Work Travel. Lazima uwe umesajiliwa chuoni kwa masomo ya muda wote, uwe umemaliza angalau muhula mmoja, uwe na Kiingereza cha kutosha, na uwe na kazi iliyothibitishwa kupitia mdhamini aliyeidhinishwa na serikali ya Marekani. Muda wa juu ni miezi minne, na hauongezwi. Hutakuwa askari wa mbuga. Waajiri ni kampuni zenye mikataba ya kuendesha hoteli, migahawa na maduka ndani ya mbuga, na kazi zenyewe ni kutandika vitanda, kuosha vyombo na kusimama kwenye kaunta.

Kiwango cha chini cha mshahara cha taifa huko ni dola 7.25 kwa saa, hakijaguswa tangu 2009, ingawa majimbo na waajiri wengine hulipa zaidi. Kwa saa 40, hiyo ni dola 290 kwa wiki kabla ya makato. Kutoka humo hukatwa kitanda cha bwenini na chakula, pamoja na kodi ya mapato ya taifa. Mwanafunzi wa J-1 hakatwi michango ya uzeeni wala ya matibabu ya wazee, na jimbo la Wyoming, ambako sehemu kubwa ya Yellowstone iko, halitozi kodi ya mapato. Ukikuta makato hayo kwenye hati yako ya malipo, uliza.

Binamu yangu alikuwa wa vitanda. Asubuhi moja alifungua mlango wa bweni akamkuta baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu, amesimama mbele ya ngazi. Umande ulikuwa umemshika kwenye manyoya ya shingo na pua zinatoa mvuke. Sheria ya mbuga inasema ukae angalau mita 23 kutoka kwa mnyama kama huyo. Pale hapakuwa na mita tatu. Akarudisha mlango polepole, akampigia msimamizi, akaambiwa neno moja: ngoja. Alichelewa kazini dakika arobaini na hakuna aliyemsema.

Hela za kuanzia

Naivasha inashinda kwa wepesi. Unahitaji nauli ya matatu kwa safari ya kilomita tisini hivi, chumba cha kupanga Karagita au Kongoni kama mwajiri hatoi malazi, na chakula cha mwezi wa kwanza. Yakikushinda, jioni hiyo hiyo uko kwenu.

Mlimani nauli si tatizo, kwani Nanyuki ni kama kilomita 200 tu. Tatizo ni mavazi. Huwezi kupanda na koti la mjini. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi ndiyo maduka yetu: nenda asubuhi mapema marobota yakifunguliwa, tafuta koti la mvua ambalo mishono yake ya ndani imefunikwa kwa utepe, sweta za sufu, glavu mbili, na viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Vivae viatu hivyo kwa wiki mbili mjini kabla ya kupanda. Mfuko wa kulalia kodisha kwanza, ununue ukishajua kwamba utarudi.

Marekani ni hesabu nyingine kabisa. Kuna ada ya mdhamini, bima ya afya ambayo ni lazima, ada ya kusajiliwa kwenye mfumo wa wanafunzi wageni, ada ya viza ya dola 185 ambayo hairudishwi hata ukinyimwa, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, na hela za kuishi hadi mshahara wa kwanza uingie. Chukua karatasi, andika jumla hiyo juu, halafu chini yake andika dola 290 mara idadi ya wiki zako, ukitoa kitanda, chakula na kodi. Wengine hurudi na akiba nzuri. Wengine hurudi wamelipa gharama zao tu, wameridhika. Ambaye namwogopea ni yule aliyekopa kwenye programu za simu ili alipe ada, kwa sababu riba haitamngoja msimu uanze.

Hapa kuna kisa ambacho sikisahau. Rafiki yangu alilipa amana kwa wakala mmoja jijini, kwa simu, akapewa risiti yenye muhuri na ahadi ya kazi "karibu na mbuga". Hakukuwa na jina la mwajiri wala jina la mdhamini. Miezi miwili baadaye namba haipatikani na ofisi imekuwa duka la nywele. Orodha ya wadhamini walioidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Kama jina unalotajiwa haliko kwenye orodha hiyo, simama hapo hapo. Na kama huna fomu ya DS-2019 iliyotolewa na mdhamini, huna cha kupeleka kwenye mahojiano ubalozini Gigiri. Hapo ubalozini afisa anataka kuridhika kwamba utarudi, kwa hiyo barua ya chuo inayoonyesha muhula unaokusubiri ina uzito kuliko maneno mengi. Masharti ya viza hubadilika, mara nyingine ghafla, basi yasome upya mwaka unaoomba, usitegemee ya kaka yako ya mwaka juzi.

Njia za kutembea

Sehemu hii ningeweza kuiandika hadi kesho.

Mlima Kenya una njia kuu tatu. Ya Naro Moru ndiyo fupi na kali. Unapita msitu, unalala Met Station kwenye mita 3,050, halafu unakutana na kinamasi cha mteremko kinachoitwa Vertical Bog, ambako kila hatua mbili unarudi moja. Ya Sirimon inapanda taratibu kupitia Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton's, nayo ni kavu zaidi na inaupa mwili nafasi ya kuzoea. Ya Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu: bonde la Gorges linafunguka ghafla chini ya miguu, Ziwa Michaelson limelala ndani yake kama kioo, na mimea ya lobelia mirefu kuliko mtu imesimama pembeni kama wazee waliokuja barazani. Point Lenana, mita 4,985, hufikiwa bila kamba. Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, ni za wapanda miamba.

Lakini sikiliza hili kabla hujajaza fomu moyoni. Mpagazi mara nyingi hafiki Lenana. Wageni wakiamshwa saa nane usiku kwenda kileleni na mwongozaji wao, wewe unabaki kibandani kuandaa kifungua kinywa au kuhamisha mizigo hadi kambi inayofuata. Mimi nilipanda safari tano kabla ya kufika pale juu. Nilipofika nilimfikiria Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya kwenye ncha ile uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, nikakaa kimya muda mrefu hadi mzee aliponiita tushuke. Kama kilele ndicho kiu yako, panga mapema na kiongozi wa kikundi kwamba safari ya mwisho ya msimu utapanda. Na usifikirie kwenda peke yako siku ya mapumziko, kwani hairuhusiwi.

Naivasha njia zake ni za siku moja moja. Hell's Gate, iliyofanywa mbuga mwaka 1984, ni kilomita za mraba 68 tu, lakini ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Mnara wa Fischer, mwamba wa mita 25, ndipo watu wengi hujifunzia kupanda kwa kamba. Mbele zaidi mvuke wa Olkaria unapanda angani. Mtambo wa kwanza wa umeme wa joto la ardhini uliwashwa hapo mwaka 1981. Longonot, mita 2,776, ndiyo mazoezi bora niyajuayo karibu na Nairobi. Kutoka langoni, kuzunguka ukingo wote wa kreta na kurudi ni kilomita kumi na tatu na ushei. Vumbi lake ni laini kama unga wa ngano, linaingia hata katikati ya vidole, na ukivua soksi unaona mstari mweupe pale kiatu kilipoishia. Ukiishi Naivasha unaweza kuizunguka kila wiki na kujipima kwa saa. Mwezi wa tatu hutauamini mwili wako.

Yellowstone ni dunia. Ilitengwa mwaka 1872, mbuga ya kwanza ya taifa ya Marekani, karibu kilomita za mraba 9,000, na ina zaidi ya kilomita 1,400 za njia za miguu. Kwa kipimo chetu, Mbuga ya Nairobi yenye kilomita za mraba 117 ingeingia humo zaidi ya mara sabini. Mtu wa Nairobi ana bahati moja: tumeshazoea mita 1,700, kwa hiyo uwanda wa mita 2,400 hautamtesa kama anavyoteseka aliyetoka pwani. Mlima Washburn, unaozidi kidogo mita 3,100, unaupanda na kuushuka kwa nusu siku. Kizuizi ni usafiri, kwa sababu bila gari unategemea mwenzako mwenye gari au basi la wafanyakazi, na njia nzuri iliyo mwendo wa saa mbili kutoka bwenini ni kama haipo. Ila kazi ikiisha, viza ya J-1 inakupa siku 30 za kusafiri ndani ya nchi bila kufanya kazi. Binamu yangu anasema alitembea zaidi katika siku hizo thelathini kuliko katika msimu wote. Anayekwenda, aiweke akiba ya siku hizo kando tangu mshahara wa kwanza.

Hatari

Mlimani adui ni mwinuko na baridi. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika na unywe maji. Ukianza kutapika, kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, dawa ni kushuka, usiku huo huo, si asubuhi. Juu ya mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Wapagazi vijana huficha maumivu wasionekane dhaifu mbele ya wakubwa. Usifiche. Mzee wangu alikuwa akituuliza mmoja mmoja kila jioni tumekula nini na tumelala vipi, na hakukubali jibu la "niko sawa".

Naivasha inaonekana pole, na hapo ndipo inapodanganya. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, maji ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo la Ol Njorowa. Mvua hunyesha mbali, juu, wakati wewe chini una jua kichwani, na kuta za mwamba hazikupi pa kukimbilia. Korongo likifungwa, limefungwa; usimshawishi kijana wa watu akupitishe kwa pembeni. Nyati wako Hell's Gate na Longonot pia, basi epuka vichaka alfajiri na magharibi.

Yellowstone watu huogopa dubu, na ni haki: utaambiwa ukae mita 91 kutoka kwake, utembee na wenzako, upige kelele njiani, na ubebe dawa ya pilipili ya kumpulizia ikiwa mkononi, si chini ya begi. Lakini kitu cha asili kilichoumiza na kuua watu wengi zaidi mle ni maji ya moto. Ukoko wa ardhi kando ya chemchemi ni mwembamba, chini yake maji yanachemka. Hukanyagi nje ya vijia vya mbao hata kwa picha moja.

Utakachorudi nacho

Mlima unakupa mapafu, mikono na watu; ukirudi msimu wa pili watakukumbuka kwa jina. Naivasha inakupa uzoefu wa hoteli au wa uhifadhi unaoandikika kwenye wasifu wako, na mwajiri anayepatikana kwa simu ya kawaida. Yellowstone inakupa dola zilizobaki, marafiki wa nchi kumi, na barua ya mwajiri wa nje. Inakupa pia upweke wa wiki za kwanza, ambao binamu yangu alikuwa akiutibu kwa kupika ugali wa unga wa mahindi wa huko, ambao haushikani vizuri.

Kwa hali yako

Kama una mwaka wa kwanza chuoni, mfuko mwepesi, na hujawahi kutembea zaidi ya msitu wa Karura, anza Naivasha. Zunguka Longonot mara nane au kumi, jifunze viatu gani vinakufaa, kisha mwezi wa mwisho ukiwa na nguvu jaribu wiki moja mlimani kama mgeni anayelipa au msaidizi wa mpishi.

Kama tayari una miguu, unavumilia baridi, na hukasiriki ukiamriwa na mtu aliyeacha shule darasa la saba lakini anaujua mlima kuliko kiganja chake, nenda Naro Moru au Nanyuki. Fika katikati ya Julai, si Mei. Salimia wazee wa kikundi kwanza, uliza kama kuna upungufu wa mikono, na ukiambiwa hakuna, amini.

Kama unahitaji kurudi na karo ya muhula, usikimbilie Yellowstone kabla ya kufanya ile hesabu ya karatasi. Kama familia inaweza kubeba gharama za mwanzo bila mkopo, na una mwaka mzima mbele yako wa kujiandaa, ni njia ya haki. Kama hesabu inakuja na mkopo, kazi ya hoteli Naivasha itakuachia kidogo, lakini kitakuwa chako.

Dada zangu huniuliza kuhusu usalama wa kulala. Mlimani vibanda vya wapagazi ni chumba kimoja cha wote, na wapagazi wa kike bado ni wachache. Nenda na mwenzako, na uulize mapema mtalala wapi. Naivasha tafuta mwajiri mwenye malazi ya wafanyakazi ndani ya uzio. Yellowstone mabweni hupangwa kwa jinsia kwa kawaida, ila thibitisha kwenye mkataba kabla ya kutia sahihi.

Na kama kazi uliyo nayo Nairobi haikuruhusu kuondoka miezi mitatu, matatu ya asubuhi ya Jumamosi kupitia Maai Mahiu itakushusha karibu na lango la Longonot, na jioni uko nyumbani ukikung'uta vumbi.

Kwa wote watatu, karatasi inayochelewa kuliko zote ni barua ya chuo. Mimi ilinichukua wiki tano, mara mbili ikipotea mezani. Iombe Januari.